Blanketi la Kitanda cha Sita

Nilikuwa nimeshakata kona tatu za kadi ya Viatu vya Mbio, mkasi ukiwa umeelekea kona ya nne, Mkaguzi alipopiga hodi. Nilimwomba asubiri kidogo, kwa sababu kadi ya boksi la majani ya chai ikiachwa katikati hujikunja, nami sipendi kadi iliyojikunja. Alisubiri. Nataka hilo lijulikane mapema, maana mengi yamesemwa juu ya watumishi wa serikali yetu. Mkaguzi Patroba alisimama mlangoni kwangu, ndani ya ukungu, amelikumbatia begi lake, mpaka nikamaliza kona ya nne.

Nchi yetu iko juu sana milimani. Ukungu huingia majumbani saa kumi jioni bila kuuliza, na hutoka saa nne asubuhi ukipenda. Mimi ni fundi saa. Sikusomea, niliifungua saa ya marehemu baba nikaifunga tena, mara arobaini hivi, hadi ikakubali kutembea. Na kila Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, watu wanne tulikutana mezani kwangu kucheza mchezo wa safari.

Si mchezo mgumu. Mmoja husimulia njia. Wengine, kila mtu ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na pasipo makubaliano kama mhusika ameruka mto au ametumbukia, dadu huamua. Msimulizi wetu alikuwa Mwalimu Sefania, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na ambaye hakumruhusu mtu kuvuka mlima kabla hajataja urefu wake. Lusekelo, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa mwizi mwenye adabu: hakuweza kuiba nyumba bila kwanza kusalimia waliomo. Kalunde, mshonaji, mjane, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa Nyamizi, shujaa wa mapanga mawili aliyeogopa kuku.

Mimi nilitengeneza vitu vya nguvu. Ukishinda joka au ukimshauri vizuri mfalme, hupewa zawadi, na zawadi ilikuwa kadi yangu. Upande wa mbele niliandika nguvu ya kitu. Upande wa nyuma niliandika kasoro yake. Kanuni hiyo aliiweka Kalunde.

"Fundi, kitu kisicho na kasoro hakichekeshi," alisema. "Na kitu chenye nguvu kisichochekesha, mimi nitakiogopa. Bora unipe kuku."

Kwa hiyo Viatu vya Mbio humfikisha mvaaji popote kwa kufumba na kufumbua. Nyuma yake, viatu hutangulia, mvaaji hufuata jioni. Kijiko cha Kweli humfanya anayelishwa nacho aseme kweli tupu; nyuma yake, kuhusu hali ya hewa tu. Blanketi la Joto la Milele hupasha joto chumba kizima hata kwenye barafu. Nyuma yake, isipokuwa aliyejifunika. Hilo la mwisho Kalunde alilicheka mpaka akaweka kikombe chini.

*

"Shikamoo, mzee," alisema Mkaguzi.

"Marahaba. Karibu. Chai ipo."

"Nimeambiwa hapa kuna vitu vya nguvu."

"Vipo. Thelathini na moja. Hivi viatu ni vya thelathini na mbili."

Ilikuwa Alhamisi, sote wanne tukiwa mezani; aliketi akatueleza kwa upole Sheria ya Vitu vya Nguvu Vilivyotengenezwa Nyumbani. Ilikuwa imepitishwa wiki ileile, kwa makofi, kabla ya kusomwa, ili kuokoa muda wa kuisoma. Ilisema kwamba nguvu yoyote nchini ni ya Mlezi Mkuu, na raia mwenye nayo anaishikilia kwa niaba yake.

Akainua kadi ya blanketi. "Hili linafanya kazi?"

"Linafanya kazi mezani," nilijibu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Akaandika huku akijisomea kwa sauti: "Linafanya kazi. Mahali: mezani."

"Mkaguzi," Lusekelo akasema, "huu ni mchezo."

"Najua, kaka. Hata Mpango wa Taifa ulianzia mezani."

Kalunde akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, umekula?"

"Bado, mama."

Akampa kiazi kitamu. Mkaguzi alikula, akashukuru, akazichukua kadi zote thelathini na mbili kwenda kuzitolea nakala. Alizirudisha siku ya tisa, safi, ndani ya bahasha, hakuna hata moja iliyokunjika.

Lakini mashine ya nakala ya ofisi yao husoma upande mmoja. Upande wa pili unasubiri kipuri tangu enzi za Mlezi Mkuu aliyepita. Kwa hiyo katika Daftari la Taifa ziliingia nguvu thelathini na mbili, na haikuingia kasoro hata moja. Sisemi walikusudia. Mtu akisoma daftari lile hana sababu ya kuhisi kwamba dunia ina upande wa nyuma.

*

Waziri wa Afya na Matumaini alitangaza redioni.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine bado yana mablanketi. Mablanketi yao huchakaa, huchafuka, huibwa, hulowana. Sisi tumepiga hatua ambayo hawajaiota. Tumebaki na joto, tumeondoa blanketi!"

Makofi yalirushwa kwa dakika nne. Mwalimu Sefania aliyapima kwa saa niliyokuwa nimemtengenezea.

Kijiko cha Kweli kilipelekwa mahakamani na kwenye magazeti. Tangu siku hiyo mashahidi wetu wote husema habari za mvua, na magazeti yetu, lazima nikiri, hayajakosea hata mara moja kuhusu upepo.

Viatu vya Mbio vilipewa Idara ya Magari ya Wagonjwa. Magari yenyewe hayakuhitajika tena, yakaenda kubeba viti vya mkutano mkuu. Lusekelo alikuja Alhamisi hiyo kwa miguu, kadi yenye muhuri ikining'inia shingoni.

"Kazi inaendaje?" nikamuuliza.

"Haijawahi kwenda vizuri hivi. Simu ikipigwa tu, kwenye taarifa nimeshafika."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nafuata jioni."

Hatukucheka sana. Kalunde alijaribu, lakini kicheko kiligeuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Alisema ni vumbi la pamba. Mimi nilikuwa nakisikia kikohozi hicho ukutani kwa siku tano, nikawa nahesabu, maana ni tabia ya mafundi saa kuhesabu vinavyojirudia. Kilikuwa kinaongeza mwendo.

*

Jumapili Kalunde hakuweza kuinuka. Lusekelo alikuja na mkokoteni wa kubebea viazi. Tulimlaza juu yake, tukampandisha kilima cha hospitali, Lusekelo akivuta, mimi na Mwalimu tukisukuma, kadi ya Viatu vya Mbio ikigongagonga kifua cha Lusekelo.

"Dereva," Kalunde akasema kutoka chini, "ovateki basi."

"Nimeshafika zamani, dada. Unaongea na jioni yangu."

Daktari alisema ni kichomi, mapafu yote mawili. Dawa zipo kidogo, alisema, zitafanya kazi kama mgonjwa hatapata baridi. Akalirudia hilo la baridi, kisha akatazama mlangoni, akatoka.

Wodi ile ina vitanda thelathini na viwili. Kila kitanda kilikuwa na godoro, mgonjwa aliyejikunja ndani ya kanga yake, na kadi iliyofungwa kwa uzi kwenye chuma cha kichwani. Nilizitambua kutoka mbali: zote nakala za Blanketi la Joto la Milele. Ni mwandiko wangu. Herufi ya "J" ya joto huwa naivuta mkia.

"Mablanketi yenyewe yako wapi?" nilimuuliza Sista Bupe, muuguzi wa zamu.

"Yalichukuliwa Jumatatu, baba. Yamekwenda ukumbi wa mkutano. Viti vya wajumbe vilikuwa na baridi."

Kalunde alilazwa kitanda cha sita. Alinyoosha mkono akaishika kadi, akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Fundi. Wamesahau kasoro."

"Mashine yao, dada. Inasoma upande mmoja."

Alinitazama. Nilikuwa nimesukuma mkokoteni kilima kizima na jasho lilikuwa likinitiririka mpaka kidevuni. Yeye meno yalikuwa yakigongana.

"Ndilo lenyewe kabisa," akasema. "Kazi nzuri, jirani."

Alitaka kunichekesha. Nimeifikiria sentensi ile mara nyingi, na bado naamini alitaka kunichekesha tu.

*

Kesho yake nilimpelekea blanketi langu. Mlinzi wa lango alinisimamisha.

"Mzee, unaitilia shaka wodi?"

"Hapana. Naleta blanketi."

"Ndiyo hiyo shaka yenyewe."

Alilichukua, akaandika jina langu kwenye daftari la wenye shaka. Alilikunja vizuri, pindo kwa pindo, akaliweka juu ya rundo la mablanketi ya wenzangu, akaketi juu yake.

Nikaenda kwa Mkaguzi Patroba na kadi yangu ya asili, nikamwonyesha nyuma. Alisoma taratibu: "Isipokuwa aliyejifunika." Akasoma tena.

"Mzee, upande huu ulisajiliwa?"

"Mashine yenu haikuuona."

"Basi kisheria kadi yako ina upande mmoja." Aliigeuzageuza kama mtu anayetafuta mlango. "Lakini unaweza kuomba kasoro itambuliwe. Kamati italazimika kwenda kuithibitisha."

"Itakwenda lini? Mgonjwa ana baridi leo."

"Nitaandika 'haraka'," akasema, na kweli aliandika, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Kamati ilikuja siku ya tatu, Waziri akiwa mbele. Walikuwa kumi na wanne, kila mmoja na koti la sufu, skafu na kofia, maana nje kulikuwa na baridi kali. Walikizunguka kitanda cha sita wakasimama bega kwa bega. Sista Bupe alikuwa ameamriwa kufunga madirisha. Baada ya dakika kumi Waziri alifungua kifungo cha kwanza. Baada ya dakika ishirini alivua koti.

"Mheshimiwa anavua koti!" katibu akatamka, na wote wakavua.

"Joto lipo," Waziri akasema akijifuta shingo. "Nani anasema joto halipo?"

"Sijasema halipo, mheshimiwa," nilisema. "Nimesema halimfikii mgonjwa." Nikaomba ruhusa, nikawasomea nyuma ya kadi.

Walimtazama Kalunde. Alikuwa amekunja magoti mpaka kifuani, midomo imebadilika rangi. Kipimajoto kilipita kwa wajumbe wote, kisha kwapani kwake, na Waziri akakisoma mwenyewe.

"Ni kweli," akasema. "Sisi tumepata joto, yeye hakupata. Kasoro imethibitika neno kwa neno."

Nilishusha pumzi. Nadhani ndiyo pumzi ya mwisho niliyoishusha kwa uzuri.

"Na kwa kuwa kasoro ni ya kweli," Waziri akaendelea, sauti ikipanda kama ya redioni, "basi blanketi nalo ni la kweli! Kisichokuwepo kitawezaje kuwa na kasoro? Tena nawapongeza wagonjwa hawa. Kumbe wamelala hapa wakitupasha joto! Kuanzia leo wasiitwe wagonjwa. Waitwe Wazalishaji wa Joto la Taifa."

Makofi. Kalunde alitoa mkono nje ya kanga. Nilidhani anataka maji. Alitaka kuongea na Waziri.

"Mheshimiwa."

"Sema, mama. Usiogope."

"Hilo koti ulilovua. Mbona limekaa tu?"

Waziri alilitazama koti lake mikononi mwa katibu. Sitaki kumhukumu, yaelekea kwa muda kidogo alilifikiria. Kisha katibu akamnong'oneza kwamba koti halimo kwenye orodha ya vifaa vya wodi, na Waziri akasikitika kwa kichwa, akalivaa, wakatoka nje kwenye baridi.

*

Jioni ile nilimwambia Kalunde nimeshindwa.

"Mmemwacha wapi Nyamizi?" akauliza.

"Darajani. Mwalimu ameweka kuku katikati ya daraja."

"Mshenzi yule mwalimu." Alifumba macho. "Msimfukuze kuku. Nitakuja mwenyewe." Halafu, baada ya kukohoa, "Fundi, sheria yao inasema nini? Vitu vilivyotengenezwa nyumbani?"

"Ndiyo."

"Vikiwa na kadi, vinaingia wodini?"

"Vinaingia."

"Basi tengeneza kadi. Mbele andika: Blanketi. Humpasha joto aliyejifunika."

"Hiyo ndiyo nguvu yake?"

"Ndiyo hiyo. Nyuma andika kasoro." Akafungua jicho moja, na nilimwona yule Kalunde wa Alhamisi. "Lazima liwepo."

Nilikata kadi hiyo kwa uangalifu kuliko zote. Asubuhi niliiweka mbele ya Mkaguzi Patroba. Alisoma mbele, akageuza bila kuambiwa, akasoma nyuma.

"Hii ni kasoro nzito, mzee," alisema. "Kitu kama hiki kitataka kitambaa, kitataka kufuliwa. Wakubwa hawatakitaka."

"Hawalazimiki kukichukua. Naomba tu kibali cha kukitengeneza nyumbani na kukiingiza."

Alichukua muhuri, akaupulizia, akausimamisha hewani. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Kitanda cha kumi na moja. Kiko karibu na dirisha?"

"Karibu kabisa."

"Kuna mama mmoja pale. Mfupi."

"Yupo. Amejifunika kanga ya njano."

"Ndiyo hiyo. Nilimnunulia mimi." Akagonga muhuri. Kwenye kibali palikuwa na nafasi ya kuandika idadi. Niliona kalamu yake ikifika pale, ikasimama, ikapita bila kuandika kitu.

*

Kalunde alitupa ufunguo wa duka lake. Chini ya cherehani palikuwa na gunia la viraka: sare za shule, mashuka ya arusi, mapindo ya makoti ya watu waliokwisha kufa. Sheria ilisema nyumbani, kwa hiyo tulilibeba gunia hadi mezani kwangu, na ilisema kwa mkono, kwa hiyo cherehani tuliiacha. Hakuna kati yetu aliyejua kushona. Mwalimu alivipanga viraka kama wilaya, kubwa kaskazini. Mimi nilishika sindano kwa kibano changu cha saa. Kila asubuhi Lusekelo alipanda hospitali na kipande tulichoshona, akakificha chini ya shati, akarudi na maneno ya Kalunde.

"Anasema mishono yako ni midogo mno, Fundi, hushoni saa. Anasema Mwalimu asivute uzi kana kwamba anakamata mwizi."

"Na wewe?"

"Mimi anasema nisishone. Nitunge uzi kwenye sindano tu."

"Anaendeleaje?"

"Alicheka," Lusekelo alisema, siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alisema, "Alitabasamu." Siku ya nne alisema, "Alikishika kile kipande. Alikataa kunirudishia."

Tulikiona ni kipande kizuri, tukashona kingine mahali pake.

Alhamisi tulianza mapema. Pamba ilikuwa imeshaingia katikati, kilichobaki ni kufunga pindo na kukaza kona. Tulikaza ya kwanza. Tulikaza ya pili. Saa tisa Lusekelo aliingia. Hakupiga hodi, yeye ambaye hata mhusika wake hupiga hodi. Alivua kadi shingoni akaiweka mezani, akaketi.

"Kalunde ametutoka," alisema. "Saa sita, Sista Bupe akiwa naye. Kwenye cheti wameandika alikuwa na joto la kutosha."

Mwalimu Sefania alivua miwani. Hakukuwa na sauti upande wa pili wa ukuta wangu, na haikuwa imekuwepo tangu Jumapili ile, lakini sasa ndipo niliposikia kwamba haipo.

"Kipande chake?" nikauliza.

"Amezikwa... atazikwa nacho. Nimemwambia Sista."

"Vizuri."

"Kitanda cha sita wameshampa mtu," Lusekelo akasema. "Binti wa bondeni, ametokea kwenye joto hana hata kanga nzito. Kadi imening'inia palepale." Akachukua uzi, akaulowesha mdomoni, akaanza kuutunga kwenye tundu la sindano. Alikosa mara tatu.

Kibali kilikuwa mezani kati yetu, chini ya mkasi ili kisipeperuke, na ile nafasi ya idadi bado nyeupe. Mwalimu alikitazama kwa muda mrefu, akavaa miwani yake, akavuta gunia la viraka karibu. Akaanza kutenga vya blanketi la pili, vya manjano tu, rangi ya kanga ya kitanda cha kumi na moja.

Nyamizi bado yuko darajani. Kuku hatujamfukuza.

Tulikaza kona ya tatu. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka chini ya meza, na Mwalimu akasema kona ya nne tuiache, kwa kuwa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hauonekani saa kama hizi, na Kalunde asingekubali mshono wa kubahatisha. Hatukubisha. Niliichoma sindano kwenye kitambaa mahali tulipofikia, ili kesho tusianze kwa kuitafuta.